Ganda linabaki chemba: jibu kwa mwenye CZ 75 wa Malindi

Swali: Mwalimu, salamu kutoka Malindi. Nina bastola aina ya CZ 75 B ya milimita 9. Niliinunua ikiwa imeshatumika, kwa muuzaji mwenye leseni, na makaratasi yangu yote yako sawa. Shida ni moja. Nikienda kupiga shabaha, risasi ishirini za kwanza hazina neno. Baada ya hapo kila tatu au nne inakwama: ganda la risasi iliyopigwa linabaki ndani ya chemba, kile chumba cha risasi nyuma ya mtutu, na risasi inayofuata inakuja kujikita nyuma yake. Fundi alinibadilishia springi ya slaidi (ile sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele), haikusaidia. Akatia nyingine ngumu zaidi, sasa ndiyo imezidi. Ajabu ni kwamba nyumbani nikikoki kwa mkono, risasi zote hutoka moja baada ya nyingine bila kusita. Magazini ninazo mbili, na zote zinakwama hivyo hivyo. Je, ni magazini, ni mkono wangu, au nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?

Jibu:

Ndugu yangu wa Malindi, kabla ya bastola nikugombeze kidogo. Kukoki risasi hai sebuleni, moja baada ya nyingine, ni jambo la kuacha leo. Siyo kwa ajili ya ajali tu, ingawa hiyo peke yake yatosha. Risasi ile ile ikiingizwa chemba mara nyingi, kichwa chake hugongwa na kuzama kidogo kidogo ndani ya ganda. Nafasi ya baruti hubanwa, na siku utakayoifyatua mgandamizo hupanda kuliko ilivyokusudiwa. Chukua risasi uliyoikoki mara nyingi, uisimamishe mezani kando ya mpya iliyotoka boksini. Ukiona imekuwa fupi, usiipige. Mrudishie muuzaji wako aiteketeze anavyojua. Ukitaka mazoezi ya nyumbani, nunua risasi bandia, zile za plastiki au alumini zisizo na baruti wala kiwashio. Na risasi hai zikae chumba kingine kabisa.

Hayo yameisha. Sasa nikwambie kwamba jaribio lako hilo la sebuleni, pamoja na ubaya wake, limetupa nusu ya jibu.

Risasi ambayo haijapigwa ni nyembamba kuliko chemba. Inaingia kwa kuteleza na inatoka kwa kuteleza; hata ukiinua mtutu juu, inaweza kudondoka yenyewe. Risasi iliyopigwa ni kitu kingine. Kipimo cha juu kinachoruhusiwa kwa 9 mm Parabellum ni bar 2,350, wakati tairi la gari lako lina kama bar 2. Nguvu hiyo hulipanua ganda mpaka likaganda kwenye kuta za chemba, kisha mgandamizo ukishuka shaba hujirudi kidogo na kuachia. Kwa hiyo ukikoki kwa mkono unapima kama risasi zinapanda vizuri kutoka magazini, na kama slaidi inakwenda na kurudi. Hupimi kabisa kama ganda lililovimba linang'oka. Na hapo ndipo ugonjwa wako ulipo.

Watu wengi hufika kwangu na neno moja: "Imejam." Nami huuliza imejam vipi, kwa sababu kila mkwamo una wazazi wake. Ganda likisimama wima kwenye dirisha la slaidi kama bomba la moshi, lilishatoka chemba, halikutupwa kwa nguvu tu. Hapo ndipo mkono legelege hushukiwa, au springi, au risasi dhaifu. Risasi mbili hai zikigombania mlango, tazama midomo ya magazini. Lakini ganda tupu likibaki chemba huku risasi nyingine ikilisukuma kwa nyuma, magazini haina kosa. Imefanya kazi yake: imeona slaidi imepita, ikaleta risasi. Haikujua kwamba mgeni wa kwanza hajaondoka. Na wewe mwenyewe unasema una magazini mbili na zote zinakwama hivyo hivyo. Ziache zipumzike. Mkono wako nao uko huru, maana mkono legelege ungekusumbua tangu risasi ya kwanza, usingesubiri ishirini zipite.

Nikueleze kidogo kinachotokea, ili uone kwa nini springi ya fundi wako imezidisha mambo. Kwenye CZ 75, kama kwenye bastola nyingi zilizofuata kazi ya Browning, yule mbunifu wa silaha wa Marekani, mtutu na slaidi hurudi nyuma pamoja vikiwa vimefungana kwa milimita chache. Kisha mtutu huinama upande wa nyuma, hujifungua, na slaidi huendelea peke yake. Ubavuni mwa slaidi, kulia, pana kipande cha chuma chenye ncha iliyopinda kama ukucha wa kuku. Mafundi tunakiita ekstrakta. Mimi hapa nitasema ukucha. Huo ndio uliokamata ukingo wa kitako cha ganda, ukalivuta hadi likagonga kipande kingine kilichoko kwenye fremu, na ganda likaruka nje upande wa kulia. Slaidi ikifika mwisho, springi huirudisha mbele, na njiani inachukua risasi mpya.

Springi ya slaidi, basi, kazi yake kubwa ni kurudisha. Ukitia ngumu zaidi hujaupa ukucha nguvu yoyote ya kuvuta. Umepunguza mwendo wa slaidi kwenda nyuma, halafu umeongeza kishindo cha kuja mbele, ndiyo maana sasa risasi ya pili inajikita kwa nguvu kuliko mwanzo. Fundi wako si mtu mbaya. Kubadilisha springi ni rahisi na mteja anaona kitu kipya mkononi, lakini alitibu mguu kwa maumivu ya jino. Mwambie airudishe springi ya kipimo cha kiwanda kabla hatujaendelea, vinginevyo majaribio yote yatakudanganya. Ya zamani kama imeshapiga maelfu ya risasi haina faida kuirudisha, itafutwe mpya, lakini ya kipimo kile kile.

Wanaobaki kwenye orodha ya washukiwa ni watatu: ukucha, chemba na risasi zenyewe. Na shahidi wetu unamkanyaga chini pale renji, uwanja wa shabaha, kila siku bila kumtazama.

Lile ganda linalobaki chemba, usilitupe. Ulisafishe kwa kitambaa, ulishike kwenye mwanga wa jua, na utazame ukingo wa kitako chake pande zote, taratibu, kama mtu anayetafuta nywele kwenye chakula. Ukiona pahala pamoja ukingo umechanwa, umepinda, au umeng'olewa kipande kidogo cha shaba, maana yake ukucha ulishika kweli, ukavuta, na ganda likagoma. Hapo kosa ni la chemba au la ganda. Ukiona ukingo ni safi, hauna hata mkwaruzo, ukucha haukushika vizuri au uliteleza bila kupigana. Hapo kosa ni la ukucha au la kispringi kilicho chini yake. Kukwama mara moja hakutoshi kuhukumu. Kusanya maganda matano au sita ya namna hiyo, na kila moja uandike kwa kalamu ya wino lilikuwa risasi ya ngapi tangu bastola isafishwe.

Hiyo namba ya risasi ina maana kubwa kwako. Wewe unapiga ishirini salama kisha matatizo yanaanza. Kitu kilichovunjika hakikupi nafasi ya ishirini. Kitu kichafu, au kinachobana kikipata joto, ndicho hutenda hivyo.

Mwaka juzi alinijia bwana mmoja na malalamiko kama yako, karibu neno kwa neno. Alikuwa msafi, mtutu wake unang'aa kama kijiko cha harusi. Nikaitoa slaidi, nikaigeuza, nikachukua kijiti cha meno cha mbao, nikakipitisha chini ya ukucha. Kilitoka na kitu cheusi, kigumu, kama ukoko wa sufuria ya wali. Nikapitisha tena, kikatoka kingine, na ndani yake pana vipande vidogo vya shaba vinavyometa. Baruti, mafuta na vumbi vilikuwa vimekaa pale miaka, vikashindiliwa kila slaidi ilipofunga. Ukucha haukuwa na nafasi ya kujikunja ndani na kushika ukingo wote. Ulikuwa unashika kwa ncha tu. Bastola ikiwa baridi, ncha ilitosha. Ikipata joto na masizi mapya, haikutosha. Yule bwana alikuwa anasafisha anapopaona, na wengi wetu ndivyo tulivyo.

Kwa hiyo anza hapo. Toa magazini kwanza, kisha koki slaidi ushike nyuma, utazame chemba kwa macho na uiguse kwa kidole. Rudia mara ya pili hata kama una hakika. Kwenye CZ 75 utaona alama mbili ndogo, moja kwenye slaidi na moja kwenye fremu, upande wa kushoto kwa nyuma. Rudisha slaidi kidogo hadi alama zikutane, sukuma ile pini ya kizuizi cha slaidi kutoka kulia (kitako cha magazini tupu kinatosha kusukumia), uichomoe upande wa kushoto, kisha slaidi yote itoke kwa mbele. Uzuri wa bastola hii ni kwamba haikulazimishi kuvuta triga ndipo ifunguke, na kwa hilo tu Wacheki walioiunda wanastahili shukrani.

Safisha chini ya ukucha kwa kijiti cha mbao na brashi ya nailoni iliyoloweshwa dawa ya kusafishia silaha. Usitumie sindano wala ncha ya kisu. Endelea mpaka kijiti kitoke kikavu na kisafi. Halafu fanya jaribio dogo: chukua ganda tupu, lipenyeze kwa mkono chini ya ukucha kutoka chini kwenda juu, likae pale linapokaa risasi, kisha uitikise slaidi polepole. Ganda linatakiwa libaki limeshikwa. Likidondoka lenyewe, kispringi cha ukucha kimechoka au ukucha wenyewe umelika. Hapo wewe simama. Ukucha umefungwa kwa pini inayotolewa kwa kugongwa, na kispringi chake ni kidogo kiasi kwamba kikiruka utakitafuta chini ya kabati mpaka Idi. Ni kazi ya fundi, na ni kazi ya dakika chache kwake.

Sasa chemba, na hapa ndipo nakuhofia zaidi, kwa sababu ya unakokaa. Hewa ya Malindi ina chumvi. Unajua mabati na komeo za milango zinavyoliwa huko. Chuma cha bastola si cha mbinguni. Hukusema unaihifadhi wapi, lakini wengi huitia kwenye mkoba wa ngozi, mkoba ukaingia sefu, sefu ikafungwa. Ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia, tena huwa na mabaki ya dawa za kutengenezea. Bastola ikilala humo miezi ya mvua, kutu huanza mahali usipopaona. Ndani ya chemba kutu haihitaji kuwa kubwa. Vishimo vidogo kama vya ndui vinatosha, maana ganda likivimba linajaa ndani ya vishimo hivyo na kuvishikilia.

Toa mtutu, usafishe chemba kwa brashi ya shaba iliyotengenezwa kwa ajili ya chemba, siyo ile ya mtutu tu. Chemba ni pana kuliko mtutu, na brashi ya mtutu hupita katikati bila kukwaruza kitu. Kisha kausha. Washa tochi ya simu, uangalie. Usipoona kitu, chukua kile kijiti cha pamba cha masikio, ukizungushe ndani taratibu. Pamba ikiacha nyuzi zimenasa pahala, hapo pana ukali. Namna nyingine: chukua ganda tupu lililopigwa kwa bastola hiyo hiyo, lisafishe, lidondoshe chembani. Linatakiwa liingie na litoke kwa uzito wake, bila kusukumwa.

Ukikuta ukali, nakusihi usiguse msasa. Nimeona chemba iliyosuguliwa na mwenyewe kwa msasa na drili ya mkono. Ilikuwa laini sana, ndiyo, lakini ilikuwa pana. Maganda yakatoka yamevimba tumboni kama samaki bunju. Mtutu ule hauna dawa, ni wa kubadilisha. Fundi mwenye leseni anaweza kulainisha chemba kidogo kwa dawa laini, au akakwambia umechelewa. Na Kenya chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kutengeneza silaha za watu ni kazi ya aliyesajiliwa. Fundi wa jua kali anaweza kuwa na mikono ya dhahabu, na bado ukamtia yeye matatani na wewe mwenyewe.

Risasi nazo tusizisahau. Chukua sumaku, iguse kwenye ganda tupu (siyo kwenye risasi nzima, kwa sababu vichwa vingine vina chuma ndani). Ikinata, unapiga maganda ya chuma. Chuma hakijirudi vizuri kama shaba baada ya kuvimba, na kwenye chemba iliyo na uchafu au vishimo ndicho huanza kugoma. Bastola nzima hula chuma bila shida, kwa hiyo ukibadilisha risasi na mkwamo ukaisha, usishangilie mno: umeficha dalili. Tazama pia kama risasi zako zina ukungu wa kijani kwenye shaba. Huko pwani hutokea zikikaa muda mrefu kwenye mkanda au mkoba wa ngozi. Za kijani zisiingie chemba, na usizipake mafuta kuzisafisha. Mafuta yanaweza kupenya mpaka kwenye kiwashio, ukabonyeza siku ya haja ukasikia "ka" peke yake.

Na mafuta ya bastola yenyewe, tone moja moja kwenye reli za slaidi kila upande, tone kwenye mgongo wa mtutu, basi. Chemba na uso unaokaa kitako cha risasi vibaki vikavu. Kuna watu hutumia mafuta ya kupikia. Yanalainisha wiki moja, kisha hugeuka gundi. Mafuta ya cherehani ukiyakosa ya silaha yatakuvusha.

Ukimaliza usafi na springi imerudi, nenda renji, na mwambie msimamizi unachopima. Piga ishirini za kawaida kwanza, maana ugonjwa wako huanzia hapo. Kisha tia risasi moja tu kwenye magazini, iingize chemba, uchomoe magazini, upige. Rudia mara kumi, maana 75 B yako haina kizuizi cha kukukataza kupiga bila magazini. Risasi ya chini yake ikiwa haipo, ganda halina wa kuliegemeza. Linategemea ukucha peke yake. Ukucha mzima utayatoa yote kumi na kuyatupa kulia. Ukikosa hata mawili, umeshampata mwenye kosa. Yakitoka yote kumi lakini ukirudi kwenye magazini iliyojaa yanakwama, niandikie, maana tutakuwa na kitendawili kingine.

Neno moja kuhusu unavyoikwamua, kwa sababu sijapenda ninavyoona watu wakifanya, na bisibisi mkononi. Mtutu ubaki umeelekea shabaha, kidole kiwe nje ya triga. Funga slaidi nyuma kwa kizuizi chake. Chomoa magazini, kwa nguvu ikibidi. Kwenye CZ nyingi kuna bati la springi linaloishikilia isidondoke yenyewe, usidhani imeharibika. Koki mara tatu kwa nguvu. Ganda likigoma bado, liache humo, inua mkono, muite msimamizi. Na ukisikia mlio wa "pufu" badala ya mlio wa kawaida, simama pale pale hata kama slaidi imejifunga vizuri. Huenda kichwa cha risasi kimebaki njiani ndani ya mtutu, na cha pili kikikifuata mtutu utapasuka mikononi mwako.

Kwa jinsi ulivyoeleza, mimi nauweka ukoko chini ya ukucha mbele, chemba yenye chumvi ikifuata kwa karibu. Hujauziwa mbuzi kwenye gunia, nadhani. Umeuziwa mbuzi asiyeogeshwa. Nitumie picha za ukingo wa yale maganda sita, kwa mwanga wa mchana, pamoja na namba zake.